Madirisha Yetu: Tuyasafishe Mara Ngapi?

Wengi wetu hufuta madirisha Krismasi inapokaribia au mgeni anapotarajiwa. Je, inatosha? Jibu hutegemea majira na mahali tunapoishi.

Kwa nini tuyasafishe?

Mwaka 1859 mwuguzi Mwingereza, Florence Nightingale, alitaja mahitaji matano ya nyumba yenye afya: hewa safi, maji safi, mifereji mizuri ya maji machafu, usafi na mwanga. Hewa na mwanga huingia kwa dirishani. Wavu wa mbu ukizibwa na vumbi, hewa haipiti. Mtu mwenye kifua kikuu akikohoa katika chumba cha namna hiyo, vijidudu hubaki hewani muda mrefu, na wanaolala naye huvivuta. Tusidhani kwamba jua linalopenya kwenye kioo litaviua; kioo huzuia sehemu kubwa ya mionzi inayoua vijidudu. Dirisha lisafishwe, tena lifunguliwe.

Kiangazi, Juni hadi Oktoba

Haya ni majira ya vumbi. Walio upande mkavu wa Mlima Meru, kama Oldonyo Sambu, na walio kando ya barabara za udongo mjini Arusha, wasafishe nyavu kila wiki na vioo kila wiki mbili. Kwenye miteremko ya kijani, kama Tengeru, nyavu kila wiki mbili na vioo kila mwezi yatosha. Dirisha la jikoni penye kuni lifutwe masizi kila wiki.

Juni na Julai ni miezi ya baridi. Tusifunge madirisha na kulala na jiko la mkaa ndani. Hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, nayo huua watu usingizini.

Masika na vuli

Mvua za Machi hadi Mei, na za Novemba na Desemba, hupunguza vumbi, lakini fremu hulowa na kuota ukungu mweusi unaoweza kuchochea pumu. Tufute fremu kila wiki, na vioo mara moja kwa mwezi. Mbu nao huongezeka: tukague nyavu na kushona palipotoboka. Hata hivyo, wavu wa dirisha hauchukui nafasi ya chandarua.

Namna ya kusafisha

1. Mwenye pumu atoke nje kwanza.
2. Anza na wavu. Tumia brashi laini iliyoloweshwa ili vumbi lisiruke.
3. Osha kioo kwa maji ya sabuni, suuza, kisha kausha kwa gazeti kuukuu.
4. Fanya kazi asubuhi au jioni. Jua kali hukausha sabuni na kuacha mabaka.
5. Watoto wasipande juu ya viti wala madirishani.

Ukimaliza, acha madirisha wazi mchana, hasa ya vyumba vya kulala.

Hospitali ya Kibong'oto, kwa jirani zetu wa Siha, ilianza mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, miaka ambayo dawa za kukiponya zilikuwa hazijapatikana. Leo dawa zipo, na hutolewa bure. Basi, aliyekohoa wiki mbili au zaidi asingoje dirisha limponye. Aende hospitali kupimwa.