Ati Maziwa ya Mama Hayatoshi?



Katika nyumba nyingi mtoto mchanga akilia usiku, lawama humwendea mama: "Maziwa yako hayatoshi." Mama mkwe anasema, jirani anasema, na mume naye anaongeza lake. Kesho yake linanunuliwa kopo la maziwa.

Bwana, neno hilo umelitoa wapi? Mtoto hulia kwa sababu nyingi: nepi mbichi, joto, kutaka kubebwa. Tena mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Siku za kwanza uzito wake hupungua kidogo, na kwa kawaida huwa umerudi akitimiza wiki mbili. Shahidi wa maziwa ni mizani ya kliniki, pamoja na nepi sita au zaidi zilizolowa kila siku baada ya wiki ya kwanza. Fungueni pamoja kijitabu cha Mama na Mtoto, mtazame ule mstari kama unapanda. (Ni waume wangapi wamewahi kukifungua?) Ukikwama, msingoje, rudini kliniki waangalie anavyonyonya.

Wala msimlinganishe na mtoto wa kopo wa jirani. Huyo baada ya miezi mitatu hivi mara nyingi huongezeka uzito upesi zaidi, lakini unene huo si afya zaidi.

Maziwa ya mama huja kadiri mtoto anavyonyonya. Akishibishwa kwa chupa, ananyonya kidogo, nayo yanapungua kweli. Kisha kopo linakaribia kuisha kabla ya mshahara, unga unapunguzwa, maji yanaongezwa, na mtoto anashiba maji huku akikonda. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama peke yake, hata maji yasiongezwe, kwa miezi 6 ya kwanza.

Yuko mama asiyeweza kunyonyesha kwa ugonjwa au sababu nyingine. Huyo asihukumiwe. Fuateni ushauri wa kliniki na kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, na mtumie kikombe, ambacho ni rahisi kuosha kuliko chupa.

Hayati Papa Fransisko, akibatiza watoto katika Kikanisa cha Sistina Januari 2014, aliwaambia akina mama wawanyonyeshe papo hapo bila wasiwasi. Baba naye ana kazi yake. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa aliyeajiriwa likizo ya wiki mbili yenye malipo. Siku hizo teka maji, pika uji, mbebe mtoto acheue, mama apate usingizi.