LAFUDHI NA KABILA JUKWAANI: TUNAMCHEKA NANI?

Kila mwaka msimu wa tamasha za drama unapokaribia, ukumbi hujaa shangwe. Wahusika wanagawanywa, na kabla ya mtu yeyote kukariri hata mstari mmoja, sauti husikika kutoka nyuma: "Mwalimu, huyu mlinzi tumpe lafudhi!" Basi kicheko kinaanza. Ni nadra mtu kuuliza: lafudhi ya nani? Na kwa nini apewe mlinzi, asipewe daktari? Hayo ndiyo maswali ya somo letu.

1. MAANA YA MANENO

Lafudhi ni namna mtu anavyotamka maneno. Tusiichanganye na lahaja. Lahaja ni tawi la lugha moja, kama vile Kimvita, Kiamu na Kiunguja, na huwa na msamiati na sarufi yake.

Utambulisho ni jumla ya mambo yanayomfanya mtu ajulikane kuwa ni yeye na si mwingine: jina, familia, lugha, dini, kazi, shule, kabila, hata mapenzi yake ya kandanda. Kabila ni jambo moja tu katika orodha hiyo. Mwenzetu aweza kuwa Mkamba, golikipa, kitinda mimba na bingwa wa hesabu, yote kwa wakati mmoja. Lakini mchezo wa kuigiza una dakika chache tu, na mwandishi mvivu hutafuta njia ya mkato. Huchukua kabila, akayaacha hayo mengine yote. Hapo mtu hugeuka kikaragosi.

2. LAFUDHI HUTOKA WAPI?

Katika isimujamii tunafunzwa kuhusu athari za lugha ya kwanza. Ulimi hujifunza sauti za nyumbani kwanza, kisha hukutana na sauti ngeni. Gikuyu kina sauti r lakini hakina l, kwa hiyo "lala" huweza kutoka "rara". Kikamba nacho kina l lakini kiasili hakina r, ndipo "barabara" ikawa "balabala". Dholuo haina sauti sh wala z, basi "shamba" huwa "samba". Hakuna ujinga wowote hapo, jamani! Ni ulimi unaofanya kazi kwa vifaa ulivyopewa nyumbani.

Tena tukumbuke kwamba hata Kiswahili sanifu hakikushuka kutoka mbinguni. Katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka wa 1928, lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyochaguliwa iwe msingi wa usanifishaji. Mwenyeji wa Mombasa anayesema "ndia" badala ya "njia" hajakosea lugha ya mama yake. Lahaja yake haikuchaguliwa, basi.

Sasa tujipime. Mzungu akishindwa kutamka "ng'ombe" tunampigia makofi, eti amejaribu. Mwanafunzi mwenzetu akisema "samba" tunaanguka chini kwa kicheko. Je, tofauti iko kwenye sauti, au iko ndani yetu sisi?

3. FUNZO KUTOKA KWA MZEE OJWANG'

Waulizeni wazazi wenu kuhusu kipindi cha "Vitimbi" katika televisheni ya KBC. Mhusika wake mkuu alikuwa Mzee Ojwang', mume wa Mama Kayai. Aliongea kwa lafudhi nzito ya Kijaluo, na watazamaji wengi waliamini kabisa kwamba ni Mjaluo. Kumbe mwigizaji wenyewe, marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka wa 2015, alikuwa Mkikuyu! Vivyo hivyo katika miaka ya karibuni, mchekeshaji Kazungu Matano, mtu wa Pwani, amejulikana kama Captain Otoyo kwa kuiga lafudhi hiyo hiyo.

Tunajifunza nini? Kwanza, utambulisho wa jukwaani ni vazi. Mwigizaji hulivaa na kulivua. Sikio lililoapa kwamba linamjua mtu kwa matamshi yake lilidanganyika kwa miaka mingi.

Pili, Ojwang' alipendwa kwa sababu alikuwa mtu kamili. Alikuwa mume, alikuwa baba, alijifanya mjanja akazidiwa ujanja, alikasirika, alifedheheka. Kicheko kilitoka katika mambo yaliyompata, na kila nyumba ilimwona mzee wake mle ndani. Lafudhi ilikuwa chumvi tu, mboga ilikuwepo.

Wapo wanaopinga. Wanasema hata kichekesho kizuri kikirudiwa mno huwafundisha watoto kwamba watu wa lafudhi fulani kazi yao ni kuchekesha. Hoja hii ina uzito. Lakini je, tukizifuta lafudhi zote jukwaani tutabaki na nini? Tutabaki na Kenya ya uongo, ambamo muuza samaki na hakimu wanaongea kama msomaji wa taarifa ya habari. Nionavyo, dawa si kuzifuta bali kuzigawa kwa haki. Daktari naye apewe lafudhi, na mlinzi naye aongee Kiswahili safi.

4. WAANDISHI WETU WALIFANYAJE?

Waandishi wa tamthilia za Kiswahili wana mbinu nyingine. Katika "Kinjeketile" (1969), Ebrahim Hussein anazungumzia vita vya Maji Maji vya miaka ya 1905 hadi 1907. Tunaona watu wa makabila mbalimbali wakitiliana shaka, kisha wakiungana dhidi ya Wajerumani. Kabila halifichwi, bali linakuwa swali la mchezo mzima.

Pauline Kea katika "Kigogo" anatumia majazi, yaani majina yanayobeba sifa za wahusika. Ukisikia jina Majoka unajua hatari iko, lakini hujui ametoka mkoa gani. Jimbo lenyewe ni Sagamoyo, ambalo hutalipata katika ramani ya Kenya. Faida yake ni kwamba msomaji hawezi kujificha na kusema, "Hao ni wale wa upande ule." Kila mtu analazimika kujitazama.

5. JUKWAA LA MFUKONI

Siku hizi mchezo hauishi pazia linapofungwa. Mtu hurekodi kwa simu, akakata sehemu ya kuchekesha tu, akaituma katika makundi ya mtandaoni. Waliokuwa ukumbini waliona mlinzi akidhihakiwa halafu mwishoni akiheshimiwa. Wa mtandaoni wanaona dhihaka peke yake.

Huko mtandaoni pia kila mtu ni mwigizaji. Nchini kwetu jina la ukoo mara nyingi hutaja kabila kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Ndiyo maana wengine huchagua jina la kubuni, wapate kusikilizwa kwa hoja zao. Hilo ni jema. Lakini wengine huvaa jina bandia kama kinyago ili watukane kabila la jirani. Ulimi hauna mfupa, na kidole kwenye simu hakina aibu.

Haya si mambo ya mzaha. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na jumbe za chuki za simu zilikuwa sehemu ya moto ule. Ndipo ikapitishwa sheria ya mwaka 2008 iliyounda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Katiba ya 2010 nayo, kifungu cha 33, inatupa uhuru wa kujieleza lakini inasema uhuru huo haufiki kwenye matamshi ya chuki.

6. VIPIMO VITATU KWA MTUNZI WA MCHEZO

(a) Ondoa lafudhi. Je, kichekesho bado kinachekesha? Kama kimekufa, hapakuwa na kichekesho, palikuwa na kabila tu.

(b) Hesabu. Nani ana lafudhi na nani hana? Kama mwizi, mlevi na mlinzi wote wanazo, na wasomi wote hawana, mchezo wako unafundisha kwamba kuelimika ni kuacha kwenu.

(c) Mweke mwenyewe mstari wa mbele. Mwanafunzi mwenye lafudhi hiyo akiwa ameketi pale, atacheka pamoja nasi, au kesho ataogopa kuinua mkono darasani? Wapo wanaonyamaza muhula mzima, si kwa kukosa jibu, bali kwa kuogopa kicheko.

Tazama mfano huu mfupi wa mlinzi asiye na kabila lakini aliye mtu:

MGENI: Umekaa hapa langoni muda gani?
MLINZI: Miaka kumi na minane. Nawajua wote kwa viatu vyao.
MGENI: Na wewe wanakuitaje?
MLINZI: Wananiita "Wewe".

Watu watacheka. Kisha watanyamaza kidogo. Kimya hicho ndicho sanaa.

7. MAZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya lafudhi na lahaja. Toa mfano mmoja mmoja.
2. "Utambulisho wa jukwaani ni vazi." Jadili ukirejelea mhusika yeyote umjuaye.
3. Andika mazungumzo mafupi ambamo mhusika mwenye lafudhi ndiye mwenye hekima kuliko wote. Epuka dhihaka.
4. Fanyeni mdahalo: Lafudhi za kikabila zipigwe marufuku katika tamasha za shule.

Basi ndugu zangu, msimu wa drama u karibu. Tuchekeshe, tena sana, maana kicheko ni dawa. Ila dawa nayo hupimwa kwa kijiko.