Maktaba Mbili Ndani ya Seva Moja: Mwongozo kwa Mafundi wa Kompyuta wa Ntimaru

Mwongozo huu ni wa mafundi wanaotunza seva za Ubuntu katika vituo vya afya, shule na ofisi za Ntimaru na Kuria Mashariki kwa jumla. Unahusu programu zinazokuja na nakala zake zenyewe za maktaba ambazo tayari zimo katika mfumo endeshi.

Maktaba ya mfumo hutumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Dosari ya usalama ikipatikana katika OpenSSL, Ubuntu hutoa sasisho, na ukiendesha apt programu zote zinazoitegemea hupata dawa. Nakala ya pili iliyokuja na programu haiguswi. Heartbleed, dosari ya OpenSSL, ilipotangazwa Aprili 2014, waliosasisha mfumo peke yake waliacha wazi kila programu iliyobeba OpenSSL yenye dosari hiyo tumboni.

Kisa cha kawaida siku hizi ni hiki. Ubuntu 22.04 ilikuja na OpenSSL 3.0 na kuliacha toleo la 1.1. Programu ya zamani inakataa kuwaka, inadai libssl.so.1.1. Fundi anapakua kifurushi cha Ubuntu 20.04, anakisakinisha kwa dpkg, kazi inaendelea. Lakini kifurushi hicho hakimo katika hazina za 22.04, kwa hiyo apt haitakiletea sasisho kamwe, na huduma ya umma kwa OpenSSL 1.1.1 ilikoma Septemba 2023. Mtake kwanza aliyeitengeneza programu akupe toleo linalokubali 3.0. Likikosekana, andika katika daftari la seva: jina la maktaba, toleo, programu inayoihitaji, tarehe na jina lako.

Hatari kubwa zaidi ni kujenga maktaba mwenyewe na kuimwaga katika /usr/local/lib. Kwa mpangilio wa kawaida wa Ubuntu, saraka hiyo hutangulia zile za mfumo. Maktaba yako ikiwa na jina lilelile, hata ssh itaishika, na matoleo yasipopatana ssh haitawaka tena. Seva iko Ntimaru, wewe uko Migori mjini, utalazimika kusafiri. Weka nakala ya namna hiyo chini ya /opt, na njia yake uipe huduma moja tu inayoihitaji. Usiweke LD_LIBRARY_PATH kwa mashine nzima.

Ili kujua hali yako, tumia ldd kwa programu unayoiamini, uone inachukua maktaba kutoka wapi. Kisha uiulize dpkg -S faili hiyo ni ya kifurushi gani. Faili isiyo na mwenyewe, hata ukiweka /usr mbele ya njia inayoanza na /lib, huenda ililetwa kwa mkono. Maktaba iliyounganishwa moja kwa moja ndani ya programu haitaonekana kwa ldd, hivyo usome pia maelezo ya toleo.

Programu za Java zinataka uangalifu wa pekee. Vituo vingi vya afya nchini hutumia KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS, mfumo ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Moduli zake hubeba faili za jar ndani yake, na apt haizioni. Desemba 2021, dosari ya maktaba ya Log4j ilisumbua dunia nzima kwa sababu hiyo: maktaba hiyo ilikuwa imefichwa ndani ya programu nyingi, na marekebisho yalifuatana hadi 2.17.1 kabla ya mwaka kwisha. Tazama kilichomo kwa unzip -l, lakini usibadilishe jar moja kwa mkono, maana moduli hupimwa na jar zake zote pamoja. Omba toleo jipya kwa wanaokuhudumia.

Kazi hii ni ya lazima. Seva ya kliniki ina siri za wagonjwa, nao ni majirani zetu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humpa mdhibiti wa data, yaani anayezishika taarifa hizo, saa 72 tangu ajue kumjulisha Kamishna wa Data uvujaji unaoweza kuwadhuru wahusika.

Baada ya kusasisha, washa upya huduma zinazohusika, kwa kuwa programu inayokimbia huendelea kushikilia maktaba ya zamani katika kumbukumbu. Ukitaka kuondoa nakala yoyote ya maktaba, chukua chelezo ya hifadhidata, usubiri kliniki ifungwe, uiondoe, kisha umwombe karani wa rekodi afungue faili ya mgonjwa mbele yako kabla hujaondoka.