Leja Pacha na Ulinganifu Wake

Moto wa Soko la Kariakoo wa tarehe 10 Julai, 2021, na ule wa Soko la Karume, hapa Mchikichini, Januari 2022, waonyesha kwa nini nakala ya leja yapasa kukaa mbali na ofisi. Walakini nakala mbili zataka ulinganifu. Kompyuta ya Mchikichini ikipoteza mawasiliano na ile ya Dodoma, upande mmoja tu uruhusiwe kuandika; zikiandika zote, mwanachama mmoja atakuwa na masalio mawili, na hakuna mashine itakayoamua lipi la kweli. Mawasiliano yakirudi, zipelekwe kumbukumbu zilizobadilika tu, kisha jumla zilinganishwe. Tena, kilichofutwa kwa makosa huku hufutika na kule papo hapo. Kwa hiyo nakala ya kila jioni ihifadhiwe kando, bila kuunganishwa na mashine yoyote.