Nyanya Ni Kaya Yake Mwenyewe: Somo la Hesabu za SHA

Katika kurasa hizi mmezoea kupata ngeli, methali na vitendawili. Leo nimewaletea somo la maneno machache tu: kaya, mtegemezi, ghafi na usajili. Msidhani ni maneno ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Ukiyaelewa vibaya, siku mzee wenu atakapougua mtajikuta dirishani pa malipo mkitafutana macho.

Kwanza tujue tulikotoka. Kenya ilianzisha bima ya hospitali, ile NHIF, mwaka 1966, na wazee wetu wengi hata leo huita kila kitu "kadi ya NHIF". Lakini kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 kazi hiyo ilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, chini ya sheria iliyotiwa saini Oktoba 2023. Aliyekuwa akilipa NHIF hakuhamishwa hivi hivi tu kama mwanafunzi anayepanda kidato. Ilimbidi ajisajili upya. Hapo ndipo wazee wengi walipoachwa nyuma, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwa lugha wanayoielewa.

Sasa tuje kwa neno kaya. (Usilichanganye na kaya za Wamijikenda kule Pwani, zile misitu yao mitakatifu.) Katika bima hii kaya ni mchangiaji, mume au mke wake, na watoto ambao hawajatimiza miaka 25, hawana kipato chao na wanaishi naye. Mtu mwenye ulemavu anayemtegemea mchangiaji kabisa pia huhesabiwa. Basi. Je, umemwona nyanya hapo? Mwenzangu mmoja wa Kidato cha Pili alinibishia siku nzima: "Lakini baba anakatwa pesa kila mwezi, si nyanya yuko ndani?" Hayuko. Hata kama anakula kwenu, analala kwenu na anadai chai kwenu kila saa kumi, yeye ni kaya nyingine.

Hapa neno mtegemezi linatuchezea. Nyumbani, nyanya ni mtegemezi wa baba, kwa maana baba ndiye humnunulia sukari, dawa ya presha na blanketi. Kwenye bima si mtegemezi wa mtu. Tena katika maboma mengi ya kwetu, nyanya ndiye mtegemewa: analea wajukuu watano ambao wazazi wao wako Nairobi wakihangaika. Mtu akikwambia wazee ni mzigo, mwulize kwanza nani aliyempikia uji alipokuwa mdogo.

Neno la tatu ni ghafi. Mshahara ghafi ni mshahara wote kabla haujakatwa kitu. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara huo kila mwezi. Baba akipata shilingi 40,000, chukua 40,000 zidisha kwa 2.75, gawanya kwa 100, unapata 1,100. Kuna kiwango cha chini ambacho hakivukwi kushuka: shilingi 300 kwa mwezi. Kwa hivyo yeyote ambaye kipato chake ni chini ya kama shilingi 10,900 kwa mwezi analipa 300 zile zile, awe anapata elfu kumi au elfu moja.

Asiyeajiriwa, na wazee wengi wako humu, hakatwi mahali. Anaulizwa maswali kuhusu maisha yake, mtambo unakadiria kipato cha kaya, kisha anaambiwa alipe kiasi gani. Nacho hulipwa cha mwaka mzima kwa mara moja. Mia tatu mara kumi na mbili ni 3,600.

Hebu kaeni na hesabu hii kidogo, maana mimi ilininyima usingizi. Mzee wa miaka 70 na zaidi aliyeandikishwa katika mpango wa Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Tuseme hana kitu kingine. Kwa mwaka ni 24,000. Asilimia 2.75 ya hizo ni 660. Lakini kwa sababu ya kile kiwango cha chini, atatakiwa kulipa 3,600, na 3,600 katika 24,000 ni asilimia 15. Mwalimu mwenye mshahara mnono anatoa chini ya senti tatu katika kila shilingi. Bibi kizee wa pesa za wazee anatoa senti kumi na tano. Kweli, chini ya NHIF ya mwisho aliyejilipia alitoa 500 kwa mwezi, kwa hivyo 300 ni nafuu. Hata hivyo nafuu si haki, na nadhani mtu anaweza kuyasema yote mawili. Sheria yenyewe inasema serikali itawalipia watu wasiojiweza. Basi kama mzee wenu hana hanani, msiharakishe kulipa kabla ya kuuliza kama yumo katika orodha hiyo.

Likizo ya Agosti nilimsajili Nyanya mwenyewe. Kujisajili ni bure; mtu akikuomba mia mbili ya "fomu", huyo ni tapeli. Unabonyeza *147# hata kwa ile simu ya mulika mwizi, au unamwita mhudumu wa afya wa kijiji akusaidie. Unahitaji kitambulisho na laini ya simu inayopokea ujumbe wa kuthibitisha. Laini ya Nyanya ilikuwa nyumba ya pili kwa ami, naye ami alikuwa sokoni na simu. Tulingoja mpaka jioni.

Kisha yakaja maswali. Nyumba imeezekwa kwa nini? Kuta je? Maji mnatoa wapi? Mnapikia nini? Mifugo? Nyanya akacheka. "Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "hawa wanataka kuniposa? Mbona wanahesabu ng'ombe?"

"Wanataka kujua una uwezo gani, Nyanya."

"Waambie nina magoti mawili mabovu."

Magoti hayakuulizwa. Mabati yaliulizwa, na nyumba yake ina mabati mapya ambayo baba alimwezekea mwaka 2022. Mtambo hauwezi kujua nani alinunua mabati. Jibu lilipokuja, alitakiwa kulipa shilingi 400 kwa mwezi, yaani 4,800 kwa mwaka. Baba akaguna: "Mabati ni yangu, kulipishwa analipishwa mama." Sioni namna ya kumjibu. Kadirio la aina hii linasoma nyumba, halisomi mfuko.

Neno la mwisho, usajili, ndilo linalowaponza watu wengi kuliko yote. Kusajiliwa si kulipiwa. Ukishajisajili tu, bila kutoa hata ndururu, unaweza kutibiwa katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, kwa fedha za Hazina ya Afya ya Msingi. Kupimwa presha, homa, kikohozi, haya yamo. Lakini ukitumwa hospitali ya ngazi ya 4, ya kaunti ngazi ya 5 au ile kubwa ya kitaifa ngazi ya 6, wanaangalia kama mchango wa mwaka umelipwa. Jirani yetu mmoja, mzee wa heshima, alikuwa na ujumbe wa usajili kwenye simu na akautunza kama cheti cha ndoa. Alipovunjika nyonga akapelekwa hospitali fulani ya ngazi ya 4, wakamwambia yuko kwenye mtandao ila hajalipa. Watoto wake waliuza fahali. Ujumbe ule haukuwa wa uongo. Haukuwaambia yote tu.

Kwetu tulifanya hivi. Watoto wa Nyanya ni wanne. 4,800 gawanya kwa nne ni 1,200 kila mmoja kwa mwaka, chini ya bei ya jozi ya viatu vya shule. Shangazi ndiye mweka hazina, na tarehe ya kulipa imeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni, kwa sababu mwaka ukiisha bila kulipa, unaanza kuhesabiwa kama asiye na kitu. Wasioweza kutoa kwa mkupuo, tangu mwaka 2025 kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole, wa kulipa kidogo kidogo. Ila jueni kwamba huo ni mkopo, na mkopo huwa na mwenyewe. Mimi ningeanza na ndugu.

Jambo jingine dogo: babu na nyanya wakiwa wote hai ni kaya moja, mchango ni mmoja. Na mzazi akistaafu, makato ya mshahara hukoma siku mshahara unapokoma. Asikae akidhani bado yumo; afanyiwe kadirio la wasioajiriwa, alipe.

Zoezi. Mzee Fulani, miaka 72, anaishi na mkewe. Mwana wao wa kwanza ni karani mwenye mshahara ghafi wa shilingi 32,000, wa pili anauza mitumba. Mzee amekadiriwa kiwango cha chini. (a) Karani anakatwa shilingi ngapi kwa mwezi? (b) Je, makato hayo yanamfaa mzee kwa lolote? (c) Mzee na mkewe watalipa ngapi kwa mwaka, na kila mwana atoe ngapi wakigawana sawa? (d) Mzee amesajiliwa lakini hajalipa, na mkewe ana homa: waende wapi leo? Majibu mpeni katibu wa chama kabla ya kufunga shule, na swali la (d) mkalijibu nyumbani kwa sauti, wazee wakisikia.