Msaada kwa Wazazi wa Mtoto Mkaidi

Someni kwanza Wakolosai 3:21, kisha 2 Samweli sura ya 13 na ya 14.

Katika kila usharika ziko nyumba ambazo mwinjilisti akipita huambiwa, "Hatujambo, Mwalimu," na kumbe ndani mna vita. Mtoto akiitwa haitiki. Akitumwa hukataa. Akionywa hujibu maneno makali mbele ya wageni, na mama yake huinamisha uso. Wazazi hao wamekwisha kushauriwa mara nyingi. Mmoja amewaambia, "Mwombeeni," wa pili, "Mpigeni," wa tatu, "Mpelekeni kwa mjomba wake." Wameomba, wamepiga, na mtoto amekwenda kwa mjomba akarudishwa baada ya mwezi. Sasa wamenyamaza kwa aibu. Wengine hata kanisani hawaji tena, kwa kuwa wamesikia watu wakinong'ona ya kuwa mtoto wa namna ile ni tunda la nyumba isiyo na sala.

Neno hilo si kweli, tena ni ukatili. Watu wanaolisema wangefanya vema kuzihesabu nyumba za watumishi wa Mungu katika Biblia, waone ni ngapi zilizokosa mtoto wa kuwaliza wazazi wake.

Kwanza tuyatenge yale yasiyo ukaidi. Mtoto wa miaka miwili asemaye "Sitaki" mchana kutwa hana ugonjwa wala pepo; anajifunza tu ya kuwa yeye naye ni mtu. Matabibu wa mambo ya akili huuangalia ukaidi kuwa jambo la kutafutiwa msaada pale unapodumu miezi 6 au zaidi, ukiwazidi watoto wenzake wa umri ule, na kuharibu maisha ya nyumbani au ya shuleni. Tena wako watoto waitwao wakaidi ambao hawasikii sawasawa, kwa sababu ya usaha wa masikio au ya homa ya uti wa mgongo iliyowapata zamani. Wengine wana kifafa cha namna isiyoangusha. Hutazama tu kitambo kidogo, kama wasioambiwa neno. Wengine wamefiwa na mzazi na hawakupata mtu wa kulia naye. Fimbo haimponyi kiziwi. Kwa hiyo safari ya kwanza ni ya hospitalini, mtoto akapimwe masikio na mwili wote.

Lakini ikiwa mwili wake ni mzima, ukaidi wake hukuaje? Tazameni jambo hili dogo. Mama amwambia mwanawe wa miaka 8, "Kachote maji." Mtoto haondoki. Mama arudia mara ya tatu, mara ya tano, na sauti yazidi kupanda. Mtoto apiga kelele, aitupa ndoo. Mama amechoka, na jikoni moto unazimika; basi aiokota ndoo, aenda kisimani mwenyewe. Mtoto amejifunza nini? Ya kuwa kelele huondoa kazi. Na mama amejifunza ya kuwa akiacha kuamuru atapata amani. Kesho yake baba yupo nyumbani, amchapa, na mtoto aenda. Baba naye amejifunza ya kuwa fimbo yafaa. Lakini juma lijalo itakuwa fimbo mbili, kisha tatu, na mtoto atakuwa amezoea. Hivyo kila mmoja humfundisha mwenzake kuwa mkali zaidi, wala hakuna aliyekusudia.

Mambo hayo yalichunguzwa kwa bidii na Gerald Patterson wa Oregon, katika Marekani, pamoja na wenzake. Waliingia nyumbani mwa watu, wakaketi, wakaandika alivyosema na alivyotenda kila mtu wa nyumba. Mwaka 1982 akatoa kitabu juu ya mzunguko huo wa kulazimishana. Nao walipotafuta dawa hawakuanza na mtoto, walianza na wazazi. Hili ndilo neno la kushikwa katika somo hili: msaada ulioonekana kufaa kwa mtoto mkaidi, hasa akiwa bado mdogo, ni ule unaowafundisha wazazi njia nyingine.

Someni sasa habari za Daudi. Amnoni alipofanya uovu wake, Daudi alikasirika sana, lakini hatuambiwi ya kuwa alimrudi. Absalomu akangoja miaka miwili, akamwua Amnoni, akakimbia. Aliporudishwa alikaa Yerusalemu miaka miwili mizima pasipo kuuona uso wa baba yake, hata akalitia moto shamba la shayiri la Yoabu ili apate kusikilizwa. Ni kweli, Absalomu alikuwa mtu mzima, si mtoto. Lakini mambo mawili ya nyumba ile yamo hata katika nyumba zetu: baba anyamaza penye kusema, kisha aficha uso penye kupokea.

Je, wazazi hufundishwa nini? Jambo la kwanza huwashangaza watu. Hawaanzi na adhabu. Wanaambiwa kukaa na mtoto kama robo saa kila siku, wakifanya naye lile alipendalo, pasipo amri wala lawama. Kisha wanafundishwa kusifu tendo jema papo hapo na kwa jina lake: "Umefunga mbuzi kabla sijakuambia; umenisaidia." Wengi wetu tunaogopa ya kuwa sifa zitamtia mtoto kiburi. Mimi naona ya kuwa mtoto asiyesikia jina lake ila katika karipio ana sababu ya kuziba masikio.

Baadaye huja amri. Iwe moja, fupi, kwa sauti ya kawaida, mzazi akiwa karibu, si kwa kupiga ukelele kutoka upande wa pili wa ua. Kisha angoje. Mtoto asipotii, apate adhabu ndogo aliyoambiwa mbele, kama kukosa mchezo wa jioni ile. Wala asinyimwe chakula. Adhabu ndogo isiyokosa kuja hushinda adhabu kubwa ijayo siku ya hasira tu. Na wazazi waonywe: katika siku za kwanza mtoto huenda akazidi kuwa mbaya, kwa maana anazijaribu kelele zake kama bado zina nguvu. Wengi huiacha njia hapo.

Mtu atasema, "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe." Methali ni ya kweli, lakini haikutaja fimbo. Martin Luther alisimulia ya kuwa mama yake alimchapa hata damu ikatoka, kwa ajili ya tunda moja dogo lenye ganda gumu. Na baba yake alimpiga siku moja hata akamkimbia, naye baba akapata taabu kumrudisha moyo. Kwa hiyo Luther alitaka tufaha liwepo pamoja na fimbo. Uchunguzi wa siku hizi umekwenda mbele kuliko yeye: watoto wapigwao sana huelekea kuzidi ukaidi na ugomvi.

Ninyi wainjilisti na wazee, msiwaendee wazazi hawa na hotuba. Waiteni pamoja baba, mama na bibi anayekaa nao, wapatane amri ni zipi. Maana bibi akifungua kile mama alichofunga, kazi yote hupotea. Wakutanisheni na wazazi wengine wenye mzigo uo huo. Huku Tanzania mafundisho ya namna hii, yaitwayo Furaha, yalikwisha kutolewa kwa wazazi na vijana katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Pakiwa na kipigo cha kuumiza, au mtoto akitishia kujidhuru, msingoje mkutano. Mwendeeni afisa ustawi wa jamii, au pigeni simu ya watoto, namba 116, isiyolipiwa.

Katika mkutano wa wazazi someni 2 Samweli 14:28-33, kisha kila mmoja ajibu: Juma hili mwanangu aliuona uso wangu lini, pasipo kuwa na kosa?