Somo la FPL: Milioni 100, Wachezaji 15 na Gharama ya Haraka

Kila Agosti, Ligi Kuu ya Uingereza inapoanza, makundi ya WhatsApp ya ofisini, chuoni na mtaani huamka. Kila mtu anapanga kikosi chake cha Fantasy Premier League, na mara nyingi kuna kitita kinachochangwa kwa simu kumngoja mshindi. Leo tujifunze jinsi ya kukijenga kikosi hicho na jinsi ya kukirekebisha msimu ukiendelea. Mwisho tutagusia kitita chenyewe.

Wazo lenyewe si geni. Huko Marekani, mwaka wa 1980, mwandishi Daniel Okrent na wenzake jijini New York walianzisha ligi ya kubuni ya besiboli. Kila mmoja alikuwa na kikomo kilekile cha pesa, akanunua wachezaji halisi, kisha akafuata matokeo yao msimu mzima. FPL inaenda kwa kanuni hiyohiyo: pesa ina kikomo, na ushindani uko kwenye kuigawa.

Bajeti ni moja kwa wote

Unapewa pauni milioni 100 za mchezo. Unatakiwa kununua wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na mastraika 3. Klabu moja haiwezi kukupa zaidi ya wachezaji 3. Kati ya hao 15, wanaoanza ni 11 na wanne wanabaki benchi.

Makosa mengi huanzia hapa. Mtu anachagua mastaa kwanza, halafu anajaza nafasi zilizobaki na yeyote anayetosha bei. Hebu tupige hesabu. Tuseme umechukua mastaa watatu wa milioni 14, 12 na 11. Jumla ni 37. Umebaki na 63. Benchi ya bei ya chini, yaani kipa wa 4, mabeki wawili wa 4 kila mmoja na kiungo wa 4.5, inakula 16.5. Zimebaki 46.5 za kununua wachezaji 8 wa kuanza, karibu milioni 5.8 kwa kila mmoja. Hapo bado unapumua.

Sasa ongeza staa wa nne wa milioni 10. Wachezaji 7 waliobaki wanagawana 36.5, karibu 5.2 kwa kila mmoja. Staa huyo hakuja bure: amelipiwa na wenzake saba, kila mmoja akishushwa daraja. Huenda ikalipa, lakini ijue bei yake kabla ya kubonyeza.

Kwa hivyo anza na karatasi. Andika kwanza utatumia kiasi gani kwa kila safu, ndipo uanze kutafuta majina. Ukianza na majina, bajeti itakufuata nyuma ikilia.

Benchi si mapambo

Mchezaji wako wa kuanza asipocheza hata dakika moja, mfumo unamwingiza wa benchi kwa kufuata mpangilio uliouweka, mradi kikosi kibaki na mabeki wasiopungua 3 na straika asiyepungua 1. Lakini kama wote wa benchi ni wale wasiochezeshwa na klabu zao, utapata sifuri palepale.

Mchezaji anayecheza dakika 60 au zaidi anakupa pointi 2 hata asipofanya lolote. Beki akicheza dakika hizo na timu yake isifungwe, anaongeza 4. Ndiyo maana tunashauri angalau mmoja wa benchi awe mtu anayeanza kila wiki kwenye klabu yake, hata kama ni klabu ndogo. Nusu milioni utakayoongeza hapo ni akiba ya dharura. Huioni kazi yake hadi siku staa wako akiumia mazoezini Ijumaa jioni.

Chagua pia nahodha msaidizi kwa makini. Pointi za nahodha huzidishwa mara mbili, na asipocheza, msaidizi ndiye anayerithi. Usimpe kazi hiyo mtu wa klabu ileile inayocheza mechi ileile. Mechi ikiahirishwa, utawakosa wote wawili.

Pointi 4 ni ada

Kila raundi unapata uhamisho mmoja wa bure. Usipoutumia unawekwa, na tangu msimu wa 2024/25 unaweza kulimbikiza hadi tano. Ukitaka kubadilisha zaidi ya ulio nao, kila mchezaji wa ziada anakukata pointi 4.

Wengi wanaiona hiyo 4 kama kitu kidogo, kama tu ile ada ya kutoa pesa mara kwa mara ambayo huwa hatuihesabu. Ihesabu. Msimu una raundi 38. Ukikatwa pointi 4 kila baada ya raundi moja, yaani mara 19, umetoa pointi 76. Goli la kiungo ni pointi 5. Kwa hivyo unahitaji magoli zaidi ya 15 ya kiungo ili tu urudi ulikokuwa.

Kabla ya kulipa hiyo ada, jiulize mambo matatu:

1. Huyu ninayemleta atampita anayetoka kwa zaidi ya pointi 4 katika raundi chache zijazo?
2. Ninamleta kwa sababu ya mechi zilizo mbele, au kwa sababu alifunga matatu wikendi iliyopita? Pointi za jana hazihami naye.
3. Nikingoja raundi moja na kutumia uhamisho wa bure, nitapoteza nini hasa?

Kama jibu la swali la tatu ni "si kitu kikubwa", basi ngoja. Na ujue hili pia: mkilingana pointi mwisho wa msimu kwenye ligi yenu ya kawaida, aliyefanya uhamisho mchache ndiye anayewekwa juu.

Ukiuza, faida inakatwa

Bei za wachezaji hupanda na kushuka msimu ukiendelea. Ukimnunua mtu kwa 7.5 na akapanda hadi 7.8, ukimuuza hupati 7.8. Unapata 7.6, kwa sababu angalau nusu ya faida inakatwa. Na ukitaka kumrudisha kesho, utamnunua kwa 7.8. Akishuka bei badala ya kupanda, hasara yote ni yako. Kwa hivyo kuuza na kununua mtu yuleyule kila mara kunamaliza bajeti polepole bila wewe kushtuka.

Panga kwa kalenda, si kwa hasira

Mabadiliko mazuri huonekana mapema. Januari 2024, Kombe la Afrika lilipochezwa Kodivaa, Mohamed Salah aliiacha Liverpool kwa muda kuichezea Misri. Tarehe za mashindano zilijulikana miezi kadhaa kabla. Aliyetazama kalenda alikuwa na muda wa kupanga. Aliyengoja hadi siku ya mwisho alilipa ada.

Ndivyo ilivyo pia na kadi ya Wildcard, inayokuruhusu kubadilisha kikosi chote bila kukatwa. Unapata moja kwa kila nusu ya msimu. Usiichome kwa sababu ya wikendi moja mbaya. Iweke kwa wakati ambapo wachezaji watano au sita wanahitaji kutoka kwa pamoja.

Na saa je? Dirisha hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Mwanzoni mwa msimu, mechi ya mapema ya Jumamosi huanza saa nane unusu mchana kwetu, kwa hivyo mwisho ni saa saba. Waingereza wakirudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba, kwetu inasonga hadi saa nane. Raundi ikianza Ijumaa usiku, mwisho huwa Ijumaa hiyohiyo usiku, na hapo ndipo wengi hunaswa wakiwa bado kwenye matatu.

Sasa, kile kitita

FPL yenyewe ni bure. Mtu akikupigia au kukuandikia akisema utume pesa ya "usajili" ili timu yako isifungwe, huyo ni tapeli.

Kama mnachanga wenyewe kwa wenyewe, kubaliana kabla ya raundi ya kwanza: nani mwekahazina, kila mtu anatoa ngapi, mshindi anapata ngapi na atalipwa lini. Yaandikwe kwenye kundi ili kila mtu ayaone. Pesa isikae kwenye laini anayotumia mwekahazina kununua unga, maana miezi tisa ni mingi. Kabla ya kutuma, soma jina linalotokea. Na wewe mwekahazina, usiamini picha ya ujumbe wa malipo. Angalia salio lako mwenyewe. PIN yako usimpe mtu, hata kama ndiye anayeongoza ligi.

Na changa kiasi ambacho ukikikosa hakitagusa kodi ya nyumba wala karo. Milioni 100 za mchezo hurudi upya kila Agosti. Za mfukoni hazirudi hivyo.